Rubani akisema subirini, subiri

Uko JKIA, saa mbili zimepita, kisha mnaambiwa hita ya ndege imeharibika. Tunajua kinachofuata: simu mkononi, matusi mtandaoni. Eti hita, na tuko ikweta?

Sikiza. Mita 11,000 angani, hata hapa kwetu, baridi hufika karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Nje ya ndege kuna vibomba vidogo, pitoti, vinavyopima kasi kwa nguvu ya hewa inayoingia. Hupashwa joto kwa umeme visizibwe na barafu. Vikizibwa, rubani anadanganywa na mita zake mwenyewe.

Desemba 1, 1974, Boeing 727 ya Northwest ilipaa kutoka New York, haina abiria, swichi za hita hizo hazijawashwa. Pitoti ziliganda. Mita ikaonyesha kasi inapanda, marubani wakazidi kuinua pua ya ndege, kumbe kasi ndiyo hiyo inaisha. Wote watatu waliokuwemo walikufa. Swichi tu, jameni!

Kwa hivyo dai chakula, dai maelezo, hapo tuko nawe. Lakini fundi aliye pale nje na tochi yake, usimharakishe.