Mtelezaji wa Mawimbi Hujengwa Nchi Kavu

Nimeshika kalamu mwaka huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa mzaha wa likizo, nalo ni mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi. Sitaki kuusifu mchezo wenyewe. Hauhitaji kusifiwa nami. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: anayetaka kucheza na bahari na autayarishe mwili wake kwanza, tena autayarishe akiwa nchi kavu. Na shule yetu ndiyo ingefaa kumfundisha namna ya kufanya hivyo.

Wenzangu wa bara huenda wakauliza, kwani Kenya kuna mawimbi ya kuteleza? Yapo. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na miamba ya matumbawe, na mawimbi huvunjikia huko nje. Lakini penye mto mkubwa matumbawe hayastawi, kwa sababu ya maji baridi na matope. Ndiyo maana ghuba ya kwetu Malindi, iliyo karibu na mlango wa mto Sabaki, iko wazi. Kusi ikivuma, hasa kati ya Juni na Agosti, mawimbi huja moja kwa moja hadi ufuoni. Na likizo ya Agosti ikifika, vijana huonekana huko na vipande vya mbao, maboya yaliyopasuka na, kwa aliyebahatika, ubao halisi.

Sasa sikilizeni maneno ya ufuoni. "Wee, hii ni kazi ya bodi!" Mvulana anatunisha kifua kama jogoo, anapiga pushapu hamsini mbele ya wasichana, kisha anaingia majini. Baada ya dakika kumi anarudi akihema, mikono imelegea kama kamba mbovu. Eti bahari leo ni mbaya. Bahari si mbaya, jamani. Kilichomwangusha ni kutojua mchezo huu unatumia nini mwilini.

Watu waliowapima watelezaji wakiwa majini wamegundua jambo la ajabu. Karibu nusu ya muda wote mtelezaji hulala kifudifudi juu ya ubao akipiga kasia kwa mikono. Muda mwingine mwingi hukaa akisubiri wimbi. Ule muda wa kusimama na kuteleza, ambao ndio tunaoupigia makofi, haufiki hata sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo mchezo huu ni wa mgongo, mabega na pumzi kwanza, kisha ndipo uwe wa miguu. Anayejenga kifua peke yake ni kama fundi anayepaka nyumba rangi kabla ya kuiezeka.

Basi mazoezi yafaayo ni yapi? Hayahitaji jimu ya kulipia. Kwanza, mazoezi ya kuvuta. Mwamba wa goli la uwanja wetu unatosha: ning'inia, jivute hadi kidevu kiupite. Usipoweza, chukua mtungi wa maji. Lita tano ni kilo tano, lita kumi ni kilo kumi. Hiyo mizani nani asiye nayo? Inama mgongo ukiwa umenyooka, uvute mtungi hadi ubavuni, mara nane kwa kila mkono, upumzike, urudie mara tatu.

Pili, bega lenyewe. Kupiga kasia siku nyingi huvuta mabega mbele, na bega lisilo na mizani huanza kuuma. Kata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ufunge kwenye mti, ubane kiwiko ubavuni, kisha uvute mkono kuelekea nje polepole. Zoezi hili halina sifa, hakuna atakayekutazama, lakini ndilo litakalokufanya ucheze hata ukiwa mtu mzima.

Tatu, kiwiliwili. Jiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, uhesabu hadi thelathini. Kisha lala kifudifudi uinue kichwa, kifua na miguu pamoja, kwa sababu hivyo ndivyo mgongo unavyofanya kazi unapopiga kasia. Nne, kuruka kusimama: lala chini, sukuma kwa mikono, na kwa mruko mmoja miguu itue chini yako, magoti yakiwa yamekunjwa. Hapo pushapu zina kazi yake, sikatai. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, na kusimama kwa mguu mmoja huku ukipiga mswaki asubuhi. Wenzako bwenini watacheka. Waache wacheke.

Tano, pumzi. Mtelezaji hapigi kasia kwa mwendo mmoja kama anayekimbia masafa marefu. Hukazana ghafla kulifuata wimbi, hupumzika, hukazana tena. Kwa hiyo kimbia hivyo hivyo: kasi kwa nusu dakika, tembea kwa dakika moja, rudia mara nane. Ukiwa na mahali salama pa kuogelea penye mwangalizi, fanya hivyo majini. Mara mbili au tatu kwa wiki zatosha, na siku ya mapumziko iwe katikati, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapa sharti nikemee mchezo mmoja tunaoupenda. Yawezekana mmesikia kwamba watelezaji wa mawimbi makubwa kule Hawaii hubeba mawe na kukimbia nayo chini ya bahari. Ni kweli, na huwa na wenzao wanaowachunga. Vijana wetu wamechukua nusu ya habari hiyo. Wanashindana nani atazuia pumzi zaidi majini, na kabla ya kupiga mbizi wanahema upesi upesi mara nyingi, eti wajaze hewa. Hatari kubwa! Kinachokufanya utamani kupumua ni ile hewa chafu ya kaboni inayojaa mwilini. Ukihema sana unaipunguza, na kengele ya mwili inachelewa kulia. Oksijeni nayo inaendelea kuisha. Unazimia bila onyo, chini ya maji, hata maji yawe ya kifuani, hata uwe muogeleaji hodari. Wazee walisema, mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Asiwepo mwanafunzi wa shule hii wa kuthibitisha methali hiyo.

Najua wako watakaosema mimi ni msichana na haya hayanihusu. Nyanya yangu aliponiona nikining'inia kwenye mwembe alisema, "Mjukuu wangu, mabega ya hamali hayo, utavaa kanga ikukae?" Nilimjibu kwa adabu, "Nyanya, kanga hukaa pote." Michezo ya Olimpiki iliyopangiwa Tokyo mwaka wa 2020 ilifanyika mwaka wa 2021, na hapo ndipo kuteleza juu ya mawimbi kulipoingizwa kwa mara ya kwanza. Nishani ya dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Carissa Moore wa Hawaii. Ya wanaume ilikwenda kwa Italo Ferreira wa Brazil, mtoto wa muuza samaki, aliyeanza kuteleza juu ya kifuniko cha sanduku la baba yake la kuhifadhia samaki. Je, sanduku kama hilo halipo kwetu? Lipo kila bandari ndogo.

Na wale wanaotutisha kuwa mazoezi ya nguvu hudumaza mtoto? Madaktari wa watoto wamelichunguza jambo hilo, na hawaoni madhara hayo ikiwa mazoezi yana usimamizi, uzito ni wa kadiri na mwendo ni sahihi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linataka vijana wa rika letu wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu za wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wetu, kwa heshima na taadhima. Kipindi cha P.E. kimo kwenye ratiba ukutani. Lakini sote tunajua kinavyoliwa. Leo Hesabu, kesho Kemia, keshokutwa "kaeni darasani msome kimya." Nafahamu mtihani hauna huruma. Lakini nauliza: mwanafunzi aliyepata A ya Fizikia, akijua kanuni zote za wimbi, na asiweze kupiga kasia dakika tano kujitoa kwenye mkondo unaomvuta, amesoma nini? Mkondo ule haushindwi kwa kupigana nao ana kwa ana. Unauvuka kwa ubavu, sambamba na ufuo, hadi utoke, ndipo urudi nchi kavu. Akili inakwambia upite wapi, ila mikono ndiyo itakayokupitisha.

Nguvu hizi, tena, si za kujiokoa peke yako. Duke Kahanamoku wa Hawaii, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mita 100 mwaka wa 1912 na tena 1920, ndiye aliyeutangaza mchezo huu duniani. Mwezi Juni 1925, huko Corona del Mar, California, chombo cha wavuvi kilipinduliwa na mawimbi. Kahanamoku alichukua ubao wake akaingia, akarudi, akaingia tena. Watu 17 walikufa siku hiyo. 12 waliokolewa, na 8 kati yao waliokolewa na yeye. Nikisoma habari hiyo sifikirii nishani zake. Nafikiria yale mabega, na miaka aliyoyajenga bila kujua siku hiyo inakuja. Tunapochezea sisi likizoni hakuna mwokoaji wa kuajiriwa. Mwokoaji ni yule mwenzako aliye karibu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, wala si makubwa. Kipindi cha P.E. kirudishwe, na nusu saa yake iwe ya mazoezi ya nguvu kwa wavulana na wasichana, kwa miili yetu, mitungi na mwamba wa goli. Pili, kabla ya likizo ya Agosti, tukutane na mwalimu wa michezo tufundishwe mikondo, kuzuia pumzi na kumsaidia anayezama. Gharama yake ni tyubu chache kuukuu.

Nanyi wenzangu, msingoje kengele. Samaki mkunje angali mbichi, na mwili ni vivyo hivyo. Bahari haitauliza kidato chako wala alama zako. Itakuuliza mikono yako inaweza nini, na jibu sharti uwe nalo kabla ya kulowa.

Wenu mtiifu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu