Sumu Katika Mzoga

Yako maneno mawili yasemwayo katika vijiji vilivyo karibu na mbuga, nasi tumeyasikia mara nyingi vinywani mwa watu wenye heshima zao, wala si wapumbavu. La kwanza ni kwamba mtu aliyeuliwa ng'ombe wake na simba au fisi ana haki kutia sumu katika mzoga, ili mwizi akirudi kumaliza nyama yake afe. La pili ni kwamba wakifa na tumbusi pamoja naye si hasara, maana tumbusi ni ndege mchafu, hafugwi, haliwi, haimbi, wala hapendezi macho. Maneno hayo yote mawili twayakataa, nasi twaomba wasomaji watuvumilie tukieleza sababu.

Hatumdhihaki mwenye hasara. Ng'ombe mmoja ni ada ya shule, ni mahari, ni maziwa ya watoto. Na mtu aliyeamka alfajiri akakuta kwato na utumbo tu penye ndama wake hana haja ya kuhubiriwa na watu wasio na zizi. Lakini twamwuliza neno moja: hiyo sumu yamjua mwizi? Mshale humwendea alengwaye. Sumu humngoja ye yote. Mwezi wa Februari mwaka wa 2018, katika nchi ya Ruaha, simba 6 walikufa kwa mizoga iliyotiwa sumu, na pamoja nao tumbusi 74. Ndege hao 74 walimwibia nani? Miguu ya tumbusi haina nguvu ya kukamata, na kucha zake ni butu. Hula kilichokwisha kufa. Ameadhibiwa kwa kosa la mwingine, na mbwa wa kijiji naye akipita hapo ataadhibiwa vile vile.

Tena tumbusi hafi mmoja mmoja. Huelea juu sana, kila mmoja mahali pake angani, huku akiwatazama wenziwe. Mmoja akishuka, jirani yake huona na kumfuata, na jirani wa jirani vivyo hivyo, hata mzoga mmoja huwaita ndege wa nchi nzima. Ndiyo maana huko Botswana, mwezi wa Juni mwaka wa 2019, mizoga ya tembo watatu iliua tumbusi 537. Sumu ile haikutiwa na wafugaji, bali na wawindaji haramu. Na kwa nini mwizi wa pembe ajisumbue na ndege? Kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyama mahali tembo alipouawa. Tumbusi ni shahidi, na mwizi huanza kwa kumwua shahidi. Basi mfugaji mwenye kutia sumu na ajue ya kuwa ameshika silaha ile ile ya mwizi huyo.

Na anayekufa hapatikani tena upesi. Tumbusi hutaga yai moja tu, na kinda huchukua miaka mitano au zaidi mpaka kuzaa. Mafundi wa elimu ya ndege walipochunguza aina nane za Afrika, waliona kwamba saba kati yake zimepungua kwa kadiri ya 80 katika kila 100, au zaidi, kwa muda wa vizazi vitatu vya ndege hao. Katika vifo walivyopata habari zake, 61 kwa kila 100 vilitokana na sumu. Tangu mwaka wa 2015 aina nne za bara letu zimeandikwa miongoni mwa viumbe vilivyo ukingoni kabisa mwa kutoweka, na mmojawapo ni yule tumbusi mwenye mgongo mweupe, ambaye wazee wetu walimwona kila siku na kumdharau kwa wingi wake.

Atasema mtu: na watoweke, sisi yatupasa nini? Huyo na atazame Bara Hindi. Huko walikuwako tumbusi makumi ya mamilioni, wakila mizoga ya ng'ombe iliyotupwa nje ya miji na vijiji. Katika miaka ya 1990 walianza kuanguka mitini wamekufa, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua sababu, mpaka ilipogunduliwa na kutangazwa mwaka wa 2004: ni ile dawa ya maumivu, diklofenaki, ambayo wengi wetu tumeimeza kwa ajili ya mgongo. Waliwapa ng'ombe wagonjwa. Ng'ombe akifa, tumbusi akamla, figo zake huharibika naye akafa. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Hata hivyo kufika mwaka wa 2007 aina iliyokuwa nyingi kuliko zote ilibaki ndege mmoja penye elfu. Mizoga ikaoza kando ya mito na visima. Mbwa wasio na wenyewe wakala nyama ile wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Mwaka wa 2006 Serikali ilikataza dawa ile kwa ng'ombe. Mwaka wa 2024 wataalamu wawili wa uchumi walitoa hesabu yao: kati ya mwaka 2000 na 2005 walikadiria watu nusu milioni zaidi walikufa huko kwa sababu ndege hawa hawakuwapo. Watu, wala si ndege. Na hapa kwetu, nchini Kenya, habari ya uchunguzi iliyotolewa mwaka wa 2012 yaonyesha ya kuwa mzoga usiofikiwa na tumbusi hukaa karibu mara tatu ya siku zake kabla ya kwisha, na wanyama wengine wa kula mizoga hukusanyika na kugusana hapo, kila mmoja na ugonjwa wake. Nani aliye mchafu basi, afagiaye au akataaye ufagio?

Wako wanaotujibu kwa Torati, kwamba ndege huyu ni najisi. Ni kweli ametajwa miongoni mwa wasioliwa. Lakini asomaye vizuri ataona kwamba neno lile lakataza kumla, halikuamuru kumwua.

Wengine humtafuta kwa ajili ya uganga, wakisema kichwa chake chaonyesha mambo yajayo. Mwaka wa 2020 huko Guinea-Bissau walikufa kwa sumu zaidi ya 2,000, na wengi walikutwa bila vichwa. Nasi twauliza: kama ndege huyu ajua yajayo, mbona alitua?

Mfugaji atauliza afanye nini, na swali lake ni la haki. Simanjiro wako wafugaji waliopanda miti iotayo kuzunguka mazizi yao, wakaifunga wavu wa waya; miti ikikua, zizi lakaza badala ya kuoza kama boma la miiba. Lina gharama, hatukatai, lakini ng'ombe wake hulala salama, na mwenye kutia sumu hungoja kwanza aibiwe. Lawama yetu kubwa zaidi ni kwa mwenye duka amwuziaye dawa ya wadudu, kwa kipimo cha kijiko, mtu ambaye anajua hana shamba wala bustani.

Na ye yote atakayeona mzoga, na ndege wamelala kando yake, asiuguse, wala asichukue nyama, hata kama yaonekana mbichi. Awazuie watoto na mbwa, apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa askari wa wanyama siku ile ile, ili mzoga uteketezwe kwa moto pamoja na ndege waliokufa, kabla wengine hawajashuka.