Bogenvilia yako haihitaji kisahani cha maji

Wiki hii tuache vidonge kidogo tuangalie roshani yako. Hivi karibuni mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 9 akiwa na homa ya siku tatu. Kichwa kilimuuma, hasa nyuma ya macho, na mwili ulimuuma kiasi cha kutotaka kuguswa. Alishapimwa malaria mara mbili, hana. Mama akaniuliza, "Daktari, tunalala ndani ya chandarua, tena tunakaa ghorofa ya tatu. Mbu wanatoka wapi?" Majibu yalionyesha homa ya dengi, ambayo Kiswahili cha zamani kinaiita kidingapopo. Nikamuuliza kama ana maua nyumbani. Uso ukamng'aa: ana vyungu sita vya bogenvilia, na kila kimoja kina kisahani chake.

Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma mtoto alitoka hapo. Wala sikumlaumu mama, maana jioni ile nilikwenda kuchungulia vyungu vyangu mwenyewe, na kwenye kisahani kimoja nikakuta viluwiluwi wa mbu wakijipindapinda kwa raha zao.

Mbu wa dengi, Aedes, ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, saa ambazo chandarua chako kimeviringishwa juu. Huhitaji maji kidogo tu yaliyotulia karibu na watu: kopo, tairi, kisahani cha ua. Kwa joto letu, siku 7 hadi 10 zinatosha yai kuwa mbu anayeruka. Na mayai hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Yakikauka hayafi upesi. Yanaweza kukaa miezi yakisubiri umwagilie tena. Ndiyo maana nasema kumwaga maji pekee hakutoshi. Sugua kwa brashi.

Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na nyakati kama hizo wengi wetu husubiri manispaa ije kupuliza dawa. Dawa ile huua mbu anayeruka. Yai lililonata kwenye kisahani chako halina habari nayo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ua lenyewe halitaki maji hayo. Ile rangi ya zambarau au nyekundu unayoipenda ni majani maalumu yanayozunguka viua vidogo vyeupe, na mmea huyatoa vizuri ukipata jua kali na kiu kidogo. Ukiumwagilia kila siku utavuna majani ya kijani, na mizizi inaweza kuoza. Uweke mahali penye jua la moja kwa moja saa tano au sita kwa siku. Chungu kisiwe kikubwa mno, na kiwe na matundu chini. Chomeka kidole kwenye udongo: kama juu pamekauka mpaka kifundo cha pili, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uache mpaka pakauke tena. Mbolea ya samadi isizidi. Maua yakiisha, punguza matawi, kwa kuwa maua mapya huja kwenye machipukizi mapya.

Najua kwa nini watu huweka visahani: jirani wa chini akidondoshewa maji kwenye nguo alizoanika, kuna ugomvi. Basi kama chungu kinabebeka, kimwagilie bafuni, kichuje, ndipo ukirudishe. Kama hakibebeki, jaza mchanga kwenye kisahani mpaka ukingoni, maji yasipate pa kutuama. Ukishindwa yote hayo, chagua siku moja ya wiki ya kumwaga na kusugua, na usiiruke.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo, chungu kisikae karibu na kingo za roshani, maana kwa mtoto hicho ni kigoda cha kupandia. Mmea huu pia una miiba mikali. Mwiba ukikatikia ndani ya kidole karibu na kiungo, na kidole kikavimba, usichokonoe kwa sindano. Nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Na mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe. Wakati unasubiri, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake na vinywaji vya kutosha. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, hata kama muuzaji wa duka la dawa anakuhakikishia, kwa sababu kama ni dengi dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Angalia sana siku ambayo homa inashuka. Wazazi wengi hupumua hapo, na ndipo hatari inapoweza kuanza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoa damu, mtoto kulegea au kuhangaika. Ukiona hata moja kati ya hizo, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.