TUWALINDE WAZEE WETU WASIANGUKE

Askari apewapo zamu ya lindo, jambo la kwanza ni kuchunguza mahali adui anapoweza kupenyea. Uangalifu huo twataka leo uelekezwe nyumbani, kwa baba zetu na mama zetu waliobaki Onduparaka, Arua na Koboko, wakati sisi tuko kambini na vituoni mbali nao.

Adui tunayemtaja hana bunduki. Ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka watu wapatao 684,000 hufa kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama hii yetu. Wanaokufa zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60.

Wapo wasemao kwamba kuanguka ni kawaida ya uzee. Hatukubaliani nao. Ni kweli, uzee hudhoofisha miguu na macho, na mifupa hupungua nguvu, hasa kwa akina mama. Lakini mara nyingi mzee huanguka pale udhaifu huo unapokutana na kizingiti kirefu, bafu lenye utelezi, kamba ya mbuzi iliyoachwa njiani, au safari ya chooni usiku wa mvua bila taa. Baadhi ya dawa za presha nazo humtia kizunguzungu ainukapo ghafla. Mengi ya hayo yanazuilika.

Nyonga ikivunjika, mzee hulazwa kitandani. Akikaa hivyo kwa majuma, vidonda huota mgongoni, mapafu huugua, damu huganda miguuni. Wengi huuawa na hayo yafuatayo, wala si na mvunjiko wenyewe.

Nyumba za kutunzia wazee nchini ni chache. Mojawapo ni ile ya Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na Marehemu Kardinali Emmanuel Nsubuga. Kwetu West Nile, makao ya mzee ni boma la jamaa yake, na mara nyingi mwangalizi wake ni mjukuu anayesoma shule. Mpango wa Serikali wa SAGE, ulioenezwa nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi, uliwapangia shilingi 25,000 kwa mwezi. Fedha hizo husaidia chakula na sabuni; haziwezi kutibu nyonga.

Hapa ndipo tunapowageukia askari wenzetu. Ni desturi yetu kuchangishana upesi kwa ajili ya mazishi, na desturi hiyo ni njema. Lakini sehemu ndogo ya mchango huo ingalitosha kununua tochi, fimbo imara na nguzo mbili za kushikia chooni, mzee angali hai.

Kila aendaye likizo na akague nyumba ya wazazi kama akaguavyo bweni. Asawazishe njia, apunguze kizingiti, aweke chombo cha haja ndogo karibu na kitanda, ampeleke mzee kupimwa macho. Amfundishe pia kuinuka kitini na kuketi mara kadhaa kila siku, mahali penye kitu cha kushika, kwa maana mazoezi ya miguu hupunguza maanguko.

Mzee akianguka na kushindwa kusimama, asivutwe mikono wala kukandwa. Mguu utulizwe, naye apelekwe hospitali bila kuchelewa. Aliyegonga kichwa akianza kusinzia au kutapika, hata siku kadhaa baadaye, hiyo ni hatari.

Kwa ndugu zetu wa polisi tunaongeza neno. Mzee aliyelala njiani asidhaniwe amelewa kabla ya kuchunguzwa. Na jirani asikamatwe kwa tuhuma ya uchawi kwa sababu tu mtu ameteleza. Wala jeraha la mzee aliyepigwa lisifichwe kwa jina la kuanguka.

Wengine wa wazee hao walivaa magwanda kabla yetu. Haifai aliyenusurika vitani auawe na kizingiti cha mlango wake, ilhali mwanawe ni mlinzi wa taifa.