Samaki wa Deraya na Hukumu ya Pupa

Imekuwa ada ya waandishi wengi wa elimu ya viumbe, wafikapo kwenye sura ya samaki wa kale wasio na taya, kuipita mbiombio, wakituambia kwamba wanyonge hao waliovaa deraya ya mifupa waliondoka duniani mara tu walipozuka samaki wenye taya. Toleo hili limekusanywa kwa nia ya kuikanusha hadithi hiyo, na hoja yetu twaitegemeza juu ya kabila moja lao, Osteostraka, ambao kichwa chao kilifunikwa na ngao moja ya mfupa, aghalabu yenye umbo la kwato ya farasi, macho mawili yakiwa juu yamekaribiana, na tundu moja tu ya pua mbele yake.

Louis Agassiz alimpa mmoja wao jina la Cephalaspis katika miaka ya 1830, kutokana na visukuku vya Uskoti; lakini yaliyokuwamo ndani ya ngao hayakudhihirika sawasawa mpaka mwaka 1927, Erik Stensiö wa Sweden alipotoa kitabu chake juu ya samaki wa kisiwa cha Spitsbergen. Alivisaga vichwa vyao tabaka baada ya tabaka, akiinakili sura ya kila tabaka kabla haijapotea, kisha akaziunda upya kwa nta; hata kazi ilipokwisha kisukuku kilikuwa vumbi, na badala yake pana sanamu ya ubongo, ya mishipa ya fahamu na ya njia za damu ziendazo kwenye matamvua. (Mtunza makumbusho asomaye haya huenda akashtuka, nasi hatumlaumu.) Sikio la ndani lilikuwa na mifereji miwili ya mizani, hali letu lina mitatu, bali nyuma ya ngao yalikuwako mapezi mawili ya ubavuni, ndugu wa mikono yetu. Basi kiumbe huyu alikuwa na mfupa, na mfano wa mikono, bila ya taya.

Sasa tuje kwenye hukumu. Osteostraka wanaonekana katika miamba tangu yapata miaka milioni 430 iliyopita hadi karibu milioni 370. Na samaki wenye taya waliotangazwa mwaka 2022 kutoka Chongqing, China, ni wa yapata miaka milioni 436. Yaani hao waitwao washindi walikwishakuwako, na wakaishi pamoja nao muda wa miaka milioni sitini. Adui gani huyo achukuaye muda wote huo kumaliza kazi yake? Katika kutafuta sababu ya kutoweka kwao, sisi twaona ni aula kuyatazama maji ya kina kifupi ya pwani walimoishi wengi wao, na misukosuko iliyozipata bahari mwishoni mwa zama za Devonia.

Msomaji asiyekubaliana nasi na atuandikie. Ila tunamwomba atutajie mwamba na umri wake.