Beste Yangu Ako na Shida

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za kuwashauri vijana kwa simu zimezidi kuulizwa swali moja: shilingi mliyopewa ilizaa shilingi ngapi? Swali lenyewe si baya. Kinachonikera ni wepesi wa majibu. Rasimu tulizoletewa kwa ajili ya toleo hili, pamoja na zile tulizozirudisha, zilijaa uwiano uliokaa vizuri kwenye jedwali, kana kwamba mwandishi alipita mtaa wa Kayole, Nairobi, na mizani ya kupimia viazi.

Hesabu hii ya kupima faida ya kijamii kwa kila shilingi ina kwao. Ilizaliwa San Francisco miaka ya 1990, kwenye mfuko wa REDF, ikahamia Uingereza, ambako serikali iliitolea mwongozo mwaka 2009. Wasomaji wetu wanaijua, kwa hiyo sitaifundisha hapa. Naitaja kwa sababu inataka kila badiliko maishani lipewe bei ya kitu cha sokoni kinachofanana nalo. Kijana anajiamini zaidi? Tafuta bei ya kozi ya kujiamini. Kule Kayole kozi hiyo hutolewa Jumapili asubuhi, na sadaka haina risiti.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si wa bei. Ni wa nani anayehesabiwa.

Yeyote aliyewahi kukaa upande wa kujibu anaijua sentensi ya kwanza: niko na beste yangu ako na shida. Mfumo huandika mtu mmoja, swali moja, jibu moja. Pengine beste ni yeye mwenyewe. Pengine beste yupo kweli, ameketi naye kwenye ngazi za ploti huko Pipeline na simu yake haina bando. Pengine mabeste ni sita, na swali limebishaniwa stejini tangu saa kumi, hadi mmoja akakubali litumwe kwa laini yake. Jibu likifika husomwa kwa sauti, huchekwa, hupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, na wiki inayofuata mtu mwingine kabisa hulitoa kama maarifa yake ya kuzaliwa. Wakati huo huo, kijana mwenye laini tatu huandikwa kuwa vijana watatu. Basi idadi imevimba na papo hapo imepungua, na usidhani kosa moja litalifuta lingine.

Wapenda vipimo husema hilo ni jambo la kurekebisha: waulize vijana kadhaa jibu walimwonyesha nani, pata wastani, zidisha. Wenye magazeti wamefanya hivyo miaka mingi, maana walijua nakala moja si msomaji mmoja. Kwa gazeti nakubali. Kwa ushauri sikubali, kwa sababu hapa beste ni ngao. Msichana wa kidato cha nne huuliza kuhusu P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kwa jina la beste kwa kuwa simu ni ya mama, na mama hurudi saa mbili. Mlazimishe aseme "ni mimi" ili jedwali lako linyooke, naye ataifuta meseji na kwenda kumwuliza muuza dawa wa kona, ambaye hatoi ripoti kwa mfadhili yeyote.

Na ngao hiyo imewahi kuwa ya kisheria. Hadi Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi alipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Kijana aliyeandika kwamba beste yake alitaka kunywa sumu jana alikuwa na busara kuliko fomu iliyomtaka ajaze umri, jinsia na mtaa.

Shujaaz, mradi wa vijana, waliitambua ngao hii mapema. Tangu mwaka 2010 hadithi zao za michoro, kwa Sheng, zimekuwa na DJ Boyie, kijana anayeendesha redio yake ya siri nyumbani. Vijana walimwandikia kama jirani. Mradi ulishinda tuzo za kimataifa za Emmy mwaka 2012 na 2014, jambo ambalo wafadhili hulikumbuka. Mimi nakumbuka zaidi kwamba mtu asiyekuwepo alikuwa akimshauri beste ambaye huenda naye hayupo, na ushauri ukafika.

Kama ni lazima tupime, tupime mlango. Ushauri mwingi huishia kumwelekeza mtu mahali: hospitali ya Mama Lucy au ya Pumwani, dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Kati ya Machi na Mei 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56. "Nenda hospitali ukaonane na daktari" lilibaki jibu sahihi kwenye jedwali. Huku Umoja na Dandora lingeweza kuwa nauli iliyopotea. Thamani ilishuka bila mjibu kubadilisha hata neno moja. Huduma inayojua mlango upi uko wazi leo, na inayothubutu kumwambia kijana "usiende sasa, nenda Alhamisi, ulizia dirisha la pili", hiyo ningeipa pesa zangu. Sijaona jedwali lenye safu ya milango, na kwenye kila rasimu niliandika hivyo pembeni kwa kalamu nyekundu.

Mengine ya toleo hili kwa ufupi. Makala kuhusu 116, laini ya simu ya kuwasaidia watoto, ni ya uangalifu na inastahili kusomwa polepole. Ile ya Dar es Salaam juu ya jarida la vijana la Fema ingependeza zaidi ikiwa fupi kwa theluthi. Mazungumzo na watangazaji wa redio ya Koch FM ya Korogocho tumeyaacha yalivyosemwa, Sheng na yote, msiandike kulalamika.

Mchumi wetu wa ukurasa wa 31 hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mimi sihesabu chochote kisha nalalamika wengine wanahesabu vibaya, na kwamba ngao ya beste haijamzuia mfadhili yeyote kufunga ofisi. Nilimwomba apunguze ukali. Akaongeza aya mbili. Anzeni na yeye.