Lugha ya Kambi na Lugha ya Hisa

Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha semantiki miaka kadhaa iliyopita alinijia ofisini hapa Eldoret akiwa na swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa ameahidiwa kazi na watu wanaojiita washauri wa kisiasa. Kazi yenyewe ilikuwa ni kutafsiri hojaji, kusikiliza kanda za mahojiano, na kuorodhesha maneno ambayo wananchi huyatumia wanapoeleza mambo wanayoyaogopa. Ujira ulikuwa mnono kuliko mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa juzi. Akaniuliza, “Mwalimu, je, hii nayo ni kazi ya isimu?”

Nilimjibu kwamba naam, ni kazi ya isimu. Alipokwisha kwenda zake, jibu langu likaanza kunikera.

Wasomaji wengi watalikumbuka jina la Alexander Nix. Mwingereza huyu, aliyezaliwa 1975 na kusomea Eton kisha Chuo Kikuu cha Manchester, alianza maisha ya kazi akiwa mchanganuzi wa mambo ya fedha katika kampuni ya Baring Securities nchini Mexico. Mnamo 2003 alijiunga na SCL, kampuni ya London iliyouzia serikali na majeshi ujuzi wa kubadilisha mienendo ya watu, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikiwa miongoni mwa wateja wake. Fedha alikuja nazo mwenyewe. Usalama aliukuta pale. Kutokana na ndoa ya fani hizo mbili ikazaliwa Cambridge Analytica mwaka wa 2013, naye akawa mkurugenzi wake mkuu.

Kampuni hizo hazikuwa ngeni kwetu. Katika maelezo yake yenyewe, Cambridge Analytica ilijigamba kwamba ilipokuwa ikitayarisha kampeni ya chama cha TNA kwa uchaguzi wa 2013 iliwahoji Wakenya 47,000, ikagundua kwamba hitaji lao kuu ni ajira na hofu yao kuu ni ghasia za kikabila, na juu ya mambo hayo mawili ikajenga mkakati. Mnamo Machi 2018 runinga ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha kanda iliyonaswa kwa siri, ambamo Mark Turnbull, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, alidai kwamba wao ndio walioandika ilani ya chama na hotuba za mgombea, tena kwamba kampeni haishindwi kwa ukweli bali kwa kugusa hisia. Chama cha Jubilee, kwa kauli ya naibu mwenyekiti wake David Murathe, kilikiri tu kwamba kampuni iliyohusiana na SCL iliajiriwa kukitangaza chama. Huenda wachuuzi hao walitia chumvi, kama wafanyavyo wachuuzi wote. Hata hivyo, mtu huchagua cha kujisifia, na hao walichagua kujisifia kwamba wameipima hofu yetu.

Sisi wakazi wa Eldoret hatuhitaji mtafiti kutueleza hofu hiyo. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto wanawake na watoto wakiwa ndani. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko yale. Yapo majina ambayo hata leo hatuyataji kwa sauti tunapopita njia ile. Jambo kama hilo, lililopaswa kuponywa, mgeni akaliandika katika orodha ya rasilimali za kampeni.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linaponigusa. Watu 47,000, ikiwa idadi hiyo ni ya kweli, hawawezi kuzungumza na mtu wa Eton pasipo vinywa vya watoto wetu katikati. Ni lazima awepo ajuaye kwamba kumwuliza mama wa Turbo “unaogopa nini?” si sawa na kumwuliza “una wasiwasi gani?” Swali la pili litamletea karo na bei ya mbolea. La kwanza litamletea usiku na moto. Anayechagua neno huwa amekwisha kuchagua jibu, na ujuzi wa kuchagua neno ndio tunaoufundisha darasani.

Nisieleweke vibaya, upande mmoja haukuwa peke yake. Mwaka wa 2007 Mmarekani Dick Morris alikuja kumshauri Raila Odinga. Agosti 2017, siku chache kabla ya kura, John Aristotle Phillips wa Marekani na Andreas Katsouris wa Kanada, waliokuwa wakiusaidia muungano wa NASA, walifukuzwa nchini.

Tazama basi lugha tuliyobaki nayo. Magazeti yetu, hili nalo likiwamo, huandika kila siku juu ya ngome, kambi, kuvamia na kuteka. Hayo ni maneno ya jeshi. Kando yake yamekuja maneno ya benki: mtaji wa kisiasa, kuwekeza katika eneo, wadau. Mwaka wa 2023, aliyekuwa Naibu Rais, Rigathi Gachagua, alisema waziwazi kwamba serikali ni kama kampuni yenye hisa, na kwamba aliyewekeza zaidi ndiye avunaye zaidi. Wengi walighadhabika, na kauli hizo za hisa zikawa miongoni mwa mashtaka yaliyomng’oa madarakani Oktoba 2024. Mimi nilijiuliza kwa nini tulishtuka, ilhali msamiati ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani zamani. Yeye aliutamka tu bila pazia.

Cambridge Analytica ilifungwa Mei 2018. Septemba 2020 ilitangazwa kwamba Nix hataruhusiwa kuwa mkurugenzi wa kampuni yoyote Uingereza kwa miaka saba, kwa sababu kampuni yake ilikuwa tayari kuuza huduma zisizo na maadili, zikiwamo mitego ya rushwa. Huko kwao amewajibishwa kidogo. Hapa kwetu ilitungwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Sheria haiwezi kumlinda mtu asiyejua kwamba amehojiwa kwa niaba ya nani.

Tunapoelekea uchaguzi wa 2027, ningependa vyama vilazimishwe kuwataja hadharani washauri wao, wa kigeni na wa humu nchini, pamoja na malipo yao. Nasi walimu wa lugha tuone aibu ya kumfundisha kijana kupambanua hofu na wasiwasi bila kumweleza nani hununua tofauti hiyo, na kwa nini.

Juma lililopita nilimpigia simu yule mwanafunzi. Nilimwomba, kabla hajatia sahihi mkataba, aulize jambo moja tu: ile orodha ya maneno itakabidhiwa nani? Akaniambia kwamba alikwisha kuuliza, akaambiwa hilo halimhusu. Kodi ya nyumba inamngoja mwisho wa mwezi, na bado hajaamua.